Gereza Dogo Linatafuta Matroni

Gerezani, tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mkazamjomba, ambaye najua ndiye atakayeandika jibu la barua hii, maana mkono wako bado unatetemeka na wewe bado hutaki kuuonyesha kwa daktari. Mama, dada yako, hajambo. Amemaliza kujenga choo kipya na kila mgeni lazima akizunguke kwanza ndipo apewe kiti. Mume wangu na binti yetu wamebaki naye mjini mpaka shule zifungwe. Simu huku inashika ukipanda kilima nyuma ya kisima, na hata hapo maneno yanafika nusu. Kwa hiyo tutaandikiana.

Mkuu wa gereza, ndicho cheo changu sasa, lakini ukiliona gereza lenyewe utacheka. Ni vyumba viwili vya wanaume, jiko, ofisi yenye dirisha lisilofungika, uwanja wenye kamba ya kuanikia nguo, na lango ambalo lazima ulinyanyue kidogo ndipo ufunguo uzunguke. Wengi waliomo ni mahabusu wanaongoja kesi zao. Wizi wa mbuzi, ugomvi wa mipaka, na mmoja alimmwagia karani wa ushuru gunia zima la mkaa.

Askari ninao wanne. Mkubwa wao anaitwa Taratibu, na ukimwona anavyofunga kamba za viatu utajua jina limetoka wapi. Wa pili ni Dereva, ambaye pia ndiye mpishi. Waliobaki ni ndugu wawili wanaofanana, na mpaka leo nawaita wote "wewe". Wamejipangia zamu yao wenyewe: wawili wanaingia Jumatatu, wanakula na kulala humo humo wiki nzima, halafu wanatoka kwenda mashambani kwao na wenzao wanaingia. Hakuna kanuni inayosema hivyo.

La pili ndilo linaloninyima raha. Chumba cha wanawake kipo, ila ni stoo ya saruji na majembe. Juzi polisi walileta mama mmoja muuza nyanya, ana mtoto anayenyonya, anadaiwa kumpiga shemeji yake kwa jiwe la mizani. Askari mwanamke hapa ni mimi peke yangu. Nimesukuma meza ukutani, tunalala wote watatu ofisini. Wewe umekula chumvi nyingi katika kazi hii. Nianzie wapi?

Mimi mpwa wako, mwenye maumivu ya mgongo.


Nyumbani, tarehe 20 Februari

Afande mpwa wangu,

Marahaba. Nasema Afande kwa sababu mimi nilistaafu nikiwa sajini na wewe umenipita cheo, kwa hiyo barua hii natamka nimesimama wima. (Uongo. Amekaa, miguu iko juu ya kigoda. Ni mimi, mwandishi.) Sisi wazima. Kuku wanataga. Goti la mkazamjomba wako linamsumbua akipanda ngazi. (Nyumba yetu haina ngazi.)

Sasa nisikilize. Askari anayelala gerezani wiki nzima anageuka mfungwa mwenye ufunguo. Vunja mpango huo kesho asubuhi. Weka zamu tatu kwa siku, kila mtu na saa zake, karatasi ibandikwe ukutani na kila mmoja atie sahihi. Kule gereza kubwa tulifanya hivyo, na watu wa mtaani walikuwa wanarekebisha saa zao wakituona tunabadilishana. Watanuna wiki ya kwanza. Ya pili watazoea.

Hicho chumba cha wanawake, toa saruji, piga chokaa, andika makao makuu wakupe askari mwanamke. Na uache kulala na mahabusu chumba kimoja. Mkuu akishaonekana na gauni la kulalia, heshima imekwenda na maji.

(Mimi nauliza: huyo mtoto analalia nini? Mama yake akienda kuoga anashikwa na nani? Mjomba wako anataka kujua nimeandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nakaza nukta.)

Jikaze, Afande. Mjomba wako.


Gerezani, tarehe 15 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kwetu salama. Binti yangu ameng'oka jino la mbele na ameniandikia barua nzima kuhusu jino hilo, hakuna alipouliza hali yangu. Mkazamjomba, mtoto analalia sanduku la vitenge tulilolitandika vizuri, na mama yake akienda kuoga anashikwa na mimi. Nimeshapokea ugeni wa hakimu nikiwa na mtoto begani.

Zamu tatu nimeziweka. Walitia sahihi bila kusema neno, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko wangelalamika. Kwa siku kadhaa mambo yalipendeza. Halafu mvua zikaanza. Mjomba, hawa watu wanakaa mbali, ng'ambo ya mto. Zamani walikuwa wanauvuka mara moja kwa wiki, sasa wanauvuka kila siku, kwenda na kurudi. Jana Taratibu aliingia kazini maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi, akapiga saluti, akaanza kuhesabu watu huku meno yanagongana. Nikamwambia akakae jikoni. Akasema kanuni haisemi jikoni. Bado sijabadili kitu, nasubiri hiyo wiki ya kuzoea uliyoniambia.

Stoo tumeitoa vitu vyote. Mahabusu wenyewe ndio waliopiga chokaa, na yule wa gunia la mkaa kumbe ni fundi, ametengeneza dirisha na rafu ya nguo za mtoto. Chumba sasa ni kizuri kuliko nyumba yangu. Lakini makao makuu wamejibu kwamba mwaka huu hawana askari mwanamke wa kunipa. Wanachoruhusu ni matroni wa muda: mwanamke mtu mzima, asiye na doa, aliyewahi kusimamia watu wengi chini ya paa moja, akae hapa hapa gerezani. Mimi sihesabiki, mkuu hawezi kuwa mlinzi wa chumba. Matroni asipopatikana kabla lori lao halijaja mwanzoni mwa Juni, chumba kinafungwa, na muuza nyanya anapelekwa gereza kubwa, safari ya kutwa nzima. Ana watoto wengine wawili kijijini, kwa bibi yao. Sasa hivi wanakuja kila Jumapili kwa miguu. Huko hawatafika.

Nimeuliza kila mahali. Wenye umri huo wana nyumba zao na waume zao. Kwa kweli hakuna ninayemfahamu mwenye sifa hizo.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 1 Aprili

Afande,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila jogoo mkubwa amekufa bila kuaga.

Usirudi nyuma katika zamu. Mvua hainyeshi mwaka mzima. Wanunulie makoti.

Kuhusu matroni, nimekaa nikafikiri sana. Yupo yule mjane anayeuza kahawa karibu na posta, mwanamke mkali, ingawa masikio hayasikii vizuri. Yupo binamu yangu anayekoroma, lakini huenda mahabusu wakazoea. Yupo mama mkunga, ila nasikia amehama. Yupo aliyekuwa karani wa mahakama, yule aliyegombana na kila mtu. Yupo dada wa fundi cherehani. Nikikumbuka mwingine nitakutajia.

(Amefikiri tangu chai ya asubuhi. Nimewaandika wote kama alivyowataja, sikuruka hata mmoja, hata yule mwenye masikio. Mimi niliyekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka yote aliyokuwa yeye kazini, niliyewalaza, niliyewaamsha, niliyewatibu homa na kuwafuta machozi ya mapenzi, nimekaa hapa mbele yake na kalamu mkononi. Ananitazama anasema, "Nani mwingine, mke wangu? Nisaidie." Nimemwambia simkumbuki mtu.)

Goti la mkazamjomba wako limezidi.

(Halijazidi.)

Mjomba.


Gerezani, tarehe 24 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema usimzike jogoo bila kumwambia, maana ndiye aliyekupa. Mume wangu ameanza kupika na binti yetu anasema bora arudi kwenye mkate.

Nimevunja zamu tatu. Najua utanuna, lakini naomba unisikilize. Dereva aliniletea barua ya kuomba uhamisho. Ni mtu ambaye hajawahi kukosa kufika kazini, anaendesha gari, anapika, anajua nani kati ya mahabusu ana kidonda cha tumbo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mkuu, zamani nilikuwa na wiki ya gereza na wiki ya watoto. Sasa sina wiki ya mtu yeyote." Nilikaa na ile barua mezani siku nzima. Kumbe mpango wao haukuwa uvivu, ulikuwa ndio unaowafanya wabaki kazini hapa ambapo hakuna mwingine anayetaka kuja.

Kwa hiyo nimewarudishia wiki zao, ila siyo kama zamani. Nimewapatia vitanda, maana walikuwa wanalala kwenye mabenchi. Mmoja akiwa macho, mwenzake lazima alale, siyo wote kusinzia pamoja. Nimeomba zahanati, na sasa muuguzi anakuja kila Alhamisi, anaona mahabusu na askari pia. Dereva amechana barua yake mbele yangu. Taratibu amecheka. Sikujua ana meno mazuri hivyo.

Ulichonishauri kilifaa gereza kubwa, mjomba. Hapa ni nyumba ya watu wachache na mto katikati. Sisemi haya kukukosea adabu.

Matroni sijapata. Mjane wa kahawa nilimwandikia, amejibu kuhusu bei ya kahawa. Kuna jambo nataka kukuomba, limenikaa kooni tangu Machi, na kila nikilianza kalamu inageuka. Nitaliandika nikipata moyo.

Mpwa wako.


Gerezani, tarehe 16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilidhani ni posta, lakini Mama alipata barua yenu wiki iliyopita, yenye habari za kuku. Kwa hiyo siyo posta.

Kama umenuna kwa ajili ya zamu, nuna, una haki. Lakini lori linakuja. Wameshatuma tarehe. Nilipomwambia muuza nyanya, hakulia. Aliuliza tu kama kule kuna ruhusa ya mtoto, halafu akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani ya ndoo. Jumapili watoto wake walikuja, yule mkubwa akamletea picha ya nyumba yao aliyoichora, ili asisahau mlango uko upande gani. Nilitoka nje nikaenda kukagua kisima ambacho hakina shida yoyote.

Basi napiga moyo konde. Nakuomba mkazamjomba. Mimi nikuombe wewe mke wako, nikiwa nimelelewa mikononi mwako, ni jambo linalonitia aibu, ndiyo maana nilidanganya kwamba simjui mwenye sifa hizo. Namjua. Na wewe unamjua, umetaja wanawake wote wa wilaya ili usimtaje yeye.

Mkazamjomba, na wewe nakuomba, kama unasoma hapa begani kwake.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 22 Mei

Mpwa wangu,

Jibu ni hapana.

(Nimeandika. Nimeweka kalamu chini.)

Andika: safari ni ndefu, goti lake haliwezi.

(Nimemwambia goti ni langu na nimechoka kulisikia kwenye barua za watu. Nimesimama, nimechuchumaa, nimesimama tena mbele yake. Ameangalia dirishani.)

Andika: gereza siyo bweni. Kule kuna watu waliopigana kwa mawe.

(Nimemwambia wasichana wangu walipigana kwa pasi za mkaa.)

Andika: nani atalisha kuku.

(Nimemwambia, "Sema lile lenyewe au niandike nionavyo mimi." Amechukua kofia, ameivaa, ameivua. Kisha amesema yafuatayo, nami naandika kama alivyoyasema.)

Mpwa wangu, maisha yangu yote ya kazi mimi ndiye niliyekuwa naondoka. Nilikuja likizo, nikakaa siku chache, nikafunga mzigo, yeye akabaki. Tangu nistaafu ndiyo mara ya kwanza tunaamka nyumba moja kila siku, na nimeonja, nimependa. Mimi kuondoka najua. Kubaki sijui. Barua yako ya Aprili nilitambua mapema inakwenda wapi, nikamkataza mwandishi asiandike. Siyo zamu. Zamu ulifanya sawa, inaniuma kusema lakini ulifanya sawa.

(Kalamu imegoma kidogo, nimebadilisha. Nimemuuliza, "Kwa hiyo niandike nini?" Amesema, "Andika unachotaka, wewe ndiye mwenye kalamu." Nimemwambia hapana, hili sitaandika mpaka nilisikie kinywani mwako.)

Andika: atakuja na basi la Jumanne. Mpokee mwenyewe, usimtume Dereva. Na begi lake asilibebe.

(Nakuja, mwanangu. Mwambie muuza nyanya atoe zile nguo kwenye ndoo.)


Gerezani, tarehe 28 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu, ofisini kwangu, ambako halali mtu.

Lori lilikuja, likashusha mchele na sabuni, likaondoka tupu. Ofisa wao alitaka kukiona chumba cha wanawake. Mkazamjomba alimzuia mlangoni akamwambia mtoto amelala, arudi baada ya nusu saa na viatu visivyo na matope. Mjomba, yule ofisa alirudi baada ya nusu saa. Viatu alikuwa amevifuta.

Sasa wako wanawake watatu. Wanaamka kwa saa, wanaoga kwa saa, na jioni anawafundisha kusoma kwa kutumia magazeti ya zamani. Taratibu anafunga viatu haraka akimwona anakuja. Wale ndugu wawili wanaofanana aliwatofautisha siku ya kwanza, na mimi nikaona aibu nikajifunza. Kesi ya muuza nyanya bado, ila hakimu ameikubali dhamana, ndugu wanahangaika kuikamilisha. Watoto wake walikuja Jumapili wakakaa ndani ya chumba, siyo nyuma ya wavu wa wageni. Yule mkubwa alilala mapajani mwa mama yake mpaka muda ukaisha, na matroni akasahau kutazama saa. Hajawahi kusahau saa, unamjua.

Na mimi nimekwenda mjini kulala nyumbani kwangu, mara ya kwanza tangu Februari. Binti yangu ameota jino jipya.

Sasa sikia. Makao makuu wamependa. Wanataka kumpa mkataba wa mwaka, na pamoja naye niletewe askari kijana wa kike amfundishe kazi. Nilimpa habari hiyo jikoni. Akaendelea kuchambua maharage. Nikauliza tena. Akasema, "Mwulize mjomba wako. Akisema nirudi, nitarudi, na sitanuna." Akaniambia nisikwambie kwamba anapenda hapa. Kwa hiyo sijakwambia.

Chumba kikikosa matroni kinafungwa tena. Lakini nikikwambia hivyo nitakuwa nakulazimisha, na sitaki. Hasemi anakukumbuka. Kila ikifika saa ya chai anamimina vikombe viwili, kimoja ananipa mimi, na mimi sinywi chai.

Mpwa wako anayekupenda.


Nyumbani, tarehe 12 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko. Mkono wenyewe huu, na mwandishi hayupo. Ukurasa huu umenila siku mbili, kwa hiyo soma polepole.

Nilikwenda kwa daktari. Amenipa dawa na mazoezi ya kubana mpira. Naubana nikiwalisha kuku, wananishangaa.

Nyumba ni kimya. Sikutaka kukuandikia hilo ila ndilo lililopo. Usiku nasikia friji. Asubuhi namwita kabla sijakumbuka. Siyo ugonjwa, sijalala njaa, majirani wananitupia jicho. Ni kimya tu, na sasa najua aliishi nacho miaka mingapi akiwa na mume kazini. Hakuniambia. Na mimi sikuuliza.

Mwaka huo, mwambie ausaini. Nimesema mimi, kwa kinywa changu, hapa nikiwa peke yangu. Nani mwingine mliye naye anayeweza kumfutisha ofisa viatu?

Kuku nitamwachia jirani. Umesema siku ya wageni ni Jumapili. Niandikishe Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mgeni wa matroni, siyo wa mkuu. Taratibu asinipigie saluti, na usinipitishe mlango wa ofisini kwa sababu ni mjomba wako. Alipokuwa akinifuata kule gereza kubwa likizo za shule, alisimama nje ya lango na kikapu chake, juani, mpaka nimalize kazi, na nikitoka alikuwa anatabasamu. Jumapili hiyo nitasimama mimi. Mwambie asiharakishe, amalize kwanza kazi zake.